Mama Nusu Halizi Pikipiki

Rumonge, bidoni ya mawese, lile dumu la mafuta, haijajaa mpaka ilie. Hiyo si sheria ya serikali ya komini, ni sheria ya akina mama wa sokoni, kwa hiyo haina rufaa. Muuzaji anamimina. Mnunuzi anainama, anaitazama shingo ya bidoni kama mtu anayemtafutia kosa mkwe wake, na mafuta yakifika mdomoni bado hajaridhika. "Ilize," anasema. Basi muuzaji anaongeza tone, na tone jingine, mpaka chozi jekundu linateremka ubavuni. Hapo ndipo mnunuzi anafungua fundo la kitenge kutoa pesa. Bidoni isiyolia imeuzwa na mwizi.

Tahira alizaliwa ndani ya sheria hiyo. Mama yake, Bi Mariyamu, alianza kuuza mawese kabla Tahira hajaota meno, na hakuna bidoni zilizolia pwani nzima ya Rumonge kama zake. Kazi ya utotoni ya Tahira ilikuwa kufuta machozi hayo kwa kitambaa, na mpaka leo akinusa mawese mabichi vidole vyake vinatafuta kitambaa vyenyewe. Shule aliiacha darasa la sita, akiwa anajua kusoma, kuandika, na Kifaransa kidogo cha kumtukania mtu asiyekijua.

Akaolewa na Kassimu, fundi wa injini za mashua kule ufukweni. Kassimu alikuwa na maneno machache na mikono mizuri. Miaka tisa Tahira alimshikia funguo, zile spana za boliti, kisha akawa anamfungulia boliti, kisha wateja wakawa wanamsubiri yeye. Mwaka ziwa lilipopanda likameza kibanda chao, Kassimu alisema anavuka kwenda Kigoma kutafuta vipuri. Vipuri alivipata, na mke pia. Sanduku la funguo aliliacha, pengine kwa sababu lilikuwa zito.

"Mungu amtunze huko huko," Tahira alisema. Akajitwika sanduku, akapanda nalo kutoka ufukweni mpaka parkingi ya soko, pale motari wanapongojea abiria wa Minago na Nyanza-Lac. Motari ndio hao wanaume wa pikipiki, na pikipiki huku kwetu ni moto, usishangae ukisikia mtu amepanda moto na hajaungua. Tahira akaweka sanduku chini ya bati la kona, akaanza kazi ya vidanje: kumwaga mafuta ya injini yaliyochoka na kutia mapya.

Ya kwanza kabisa aliiharibu. Ilikuwa pikipiki ya Ismaili, motari mzee mwenye adabu. Tahira aliijaza kama alivyofunzwa kwa mama yake, mpaka ikalia. Ismaili akafurahi, akashukuru. "Murakoze sana, mama. Weye unatia kwa moyo." Akampakia mwalimu mmoja aliyevaa suruali ya rangi ya maziwa, anakwenda harusini. Hata Minago hawakufika. Mafuta yaliyozidi yalichapwa humo ndani ya injini kama mayai ya kukaanga, yakawa povu, povu likatafuta mlango wa kutokea. Likaupata. Suruali ya mwalimu Tahira aliifua siku nne, kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, na doa likakaa pale pale likimtazama.

Katika siku hizo nne alifikiri. Kisha akamwomba Ismaili kile kitabu kidogo kinachokuja na pikipiki ikiwa mpya, kile ambacho motari wote hukiwashia mkaa. Akakisoma kwa kidole, neno baada ya neno. Kitabu hakikuwa na maneno mengi. Injini ipate joto kidogo, izimwe, ungoje dakika chache mafuta yateremke. Pikipiki isimame wima. Kisha tazama jicho, kile kioo cha mviringo kilichoko chini ya injini upande wa kulia. Lina mistari miwili. Mafuta yakae kati ya mistari hiyo, basi.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona Tahira akiuvuka mstari wa juu. Mafuta yakifika kati anafunga kifuniko, na kinachobaki kwenye chupa anamrudishia mwenyewe.

Sasa jaribu kumrudishia chupa yenye mabaki mtu aliyelelewa na sheria ya bidoni.

"Mama, nimekuletea chupa nzima."

"Na moto yako imekunywa inachotaka. Peleka nyumbani hiyo iliyobaki."

"Lakini haijalia!"

"Ikilia umeiua."

Wakaondoka wakinung'unika. Jambo jingine likazidisha ubaya. Motari hawa, bekiyi ya katikati, ule mguu wa kusimamisha pikipiki wima, wengi wameing'oa kwa sababu inagonga mawe ya njia za mlimani. Imebaki bekiyi ya pembeni. Kwa hiyo parkingini pikipiki zote zimelala upande wa kushoto kama walevi wanaosubiri mlango ufunguliwe, na mafuta nayo yanalala kushoto. Mwenye pikipiki anainama kulia, anachungulia jicho, analikuta jeupe. Tupu! Nani alifanya vidanje? Mama Sabrina. Hilo ndilo jina la heshima, la binti yake. Wiki mbili tu, heshima ikaisha, akawa Mama Nusu.

Aliyelitangaza jina hilo ni Nestori, shefu, yaani mkuu, wa parkingi, mtu mwenye sauti ya kipaza na cheo ambacho tangu achaguliwe hajakivua hata kuoga. Siku ya Jumanne alileta pikipiki yake makusudi, na chupa iliyofungwa, akasimama kutazama Tahira akifanya kazi. Tahira alifanya kama anavyofanya siku zote, akamrudishia chupa. Nestori akaiegemeza pikipiki kwenye bekiyi ya pembeni, akanywa chai kibandani, akarudi, akainama.

"Njooni muone!" alipiga kelele. "Njooni muone jicho la moto ya shefu! Iko tupu! Mwanamuke ameiba mafuta mbele ya macho yangu!"

"Isimamishe wima kwanza, Nestori."

"Wima ya nini? Kioo ni kioo!"

"Hata weye ukilala ubavu tumbo linahamia upande. Isimamishe."

Watu wakacheka, na hilo ndilo kosa la Tahira, kama ni kosa. Shefu anaweza kusamehe mafuta, kicheko hasamehi. Nestori akaonyesha upande wa pili wa parkingi, mahali Akonkwa alipotandika gunia lake. Akonkwa ni fundi aliyevuka kutoka Uvira miezi mitatu iliyopita, mtu mpole, na alichofanya kilikuwa rahisi: alijaza kila pikipiki mpaka ikalia, halafu akafuta chozi kwa kitambaa cheupe mbele ya mteja. Wateja walikuwa wamehamia kwake kama inzi, na pikipiki zikitoa moshi njiani walilaumu mlima. Kwa Tahira alibaki Shafii tu, kijana mrefu wa Kabonga aliyekuwa na pikipiki ya mkopo na aliyeiogopa kama mama mkwe.

"Ijumaa," Nestori alisema, "bati hii iko ya Akonkwa. Weye utabeba sanduku yako. Lakini mimi siko mutu mubaya. Siku hiyo nitaleta moto hii hii. Ukiiliza mbele ya watu, nitasema Mama Nusu ameacha wizi, na bati utabaki nayo."

"Na nisipoiliza?"

"Basi watu watajua."

Ungedhani jambo lenyewe ni bati. Bati lipo, na nje ya bati kuna jua la Rumonge na mvua inayokuja bila hodi. Lakini lililomkera Tahira ni lile neno la wizi. Binti wa Mariyamu, mwizi wa mafuta. Mji mzima ungelisema, na mama yake angelisikia akiwa amekaa katikati ya bidoni zake zinazolia.

Usiku huo alilala vizuri, msimhurumie. Jumatano asubuhi alikwenda ufukweni kwa watu wanaopaka rangi mashua, akaomba mabaki ya rangi nyekundu kwenye kopo, akarudi, akaliandika sanduku kwa herufi kubwa zisizolingana: MAMA NUSU. Akaligeuza maandishi yatazame soko. Halafu akakaa juu yake.

"Mama Sabrina," Shafii alisema, amesimama akikuna kichwa, "si ungetia tu kidogo cha kuwafurahisha? Tone moja."

"Shafii, mimi nilifua suruali ya mwalimu siku nne. Weye ulifua?"

"Hapana."

"Basi usinifundishe tone."

Ijumaa ikafika. Nestori alikuja mapema, akaegemeza pikipiki mbele ya bati, akaweka chini chupa zake mbili za mafuta, na nyuma yake wakaja motari wote, wauza mihogo, wauza ndagala, yaani dagaa, na kila asiyekuwa na kazi ya maana asubuhi hiyo. Akonkwa alisimama pembeni na kitambaa chake cheupe begani, anaonekana kama mtu aliyealikwa kwenye ugomvi wa ndoa isiyo yake. Katikati ya watu hao akatokea Bi Mariyamu. Nestori alikuwa amemtumia mtu amwite.

"Amahoro, mama," Tahira alimtakia amani.

"Amahoro ya wapi? Miaka yote hii nauza mafuta, hakuna mutu alisema bidoni ya Mariyamu iko nusu. Leo naitwa kama mama ya mwizi. Na weye umeandika jina hilo kwenye sanduku!"

"Nimeandika ili wasichoke kulitaja."

"Mama mukubwa, tazama mwenyewe," Nestori akasema kwa sauti ya upole aliyoiazima mahali. "Tazama jicho."

Bi Mariyamu akainama. Mtu akiwa na miaka sabini na kitu, kuinama kwake ni safari, na watu wote walingoja. Akachungulia. Kioo kilikuwa kitupu. Akainuka polepole bila kumtazama binti yake. Tahira akapiga kelele.

"Shafii! Shika usukani. Isimamishe wima. Kunja bekiyi. Hapo! Sasa mama, inama tena."

"Mgongo wangu ni wa kuchezea?"

"Mara moja tu."

Bi Mariyamu akainama tena. Mafuta yalikuwa yamerudi nyumbani. Taratibu yalipanda kwenye kioo, rangi ya asali, yakasimama kati ya mistari miwili. Walioweza kuona wakaguna. Motari mmoja akakimbilia pikipiki yake mwenyewe kwenda kuisimamisha, na Tahira aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Lakini mtu anayetaka kushinda hashindwi kwa kuonyeshwa. "Hata hivyo!" Nestori akasema. "Hata hivyo iko katikati! Katikati ni nini, watu wangu? Si nusu?"

"Nusu!" wakaitika baadhi.

Bi Mariyamu akamgeukia binti yake. "Kweli. Mbona hukuifikisha juu? Mahali imebaki. Nimeiona."

Ilikuwa sauti ile ile ya sokoni, ile iliyomlea. Tahira aliitazama ile kanga ya mama yake yenye madoa mekundu ya miaka, na bidoni zikamjia akilini, lakini si zile za sokoni.

"Mama, zile bidoni za Kabonga, zinazopanda boti. Uliziliza?"

Bi Mariyamu akakunja uso. "Za Kabonga?"

"Nilikuwa mutoto, nazifuta. Nilikuuliza kwa nini hizi hazina machozi. Ulinijibu nini?"

Mama wengine wa mawese waliokuwa pale walianza kutazamana, kwa sababu walijua. Bidoni inayokaa ziwani siku nzima juani, mafuta yanavimba, kifuniko kinaruka, na nusu ya mali inakwenda kwa samaki. Bidoni ya boti huachiwa nafasi ya vidole viwili juu. Hakuna mnunuzi wa Kabonga aliyewahi kulalamika.

"Ile ni kitu ingine," Bi Mariyamu akasema hatimaye. "Ile inasafiri. Inapigwa jua, inatikiswa."

"Na hii? Inakwenda wapi? Inakwenda msikitini kukaa?"

Wauza mawese wakaangua kicheko. Bi Mariyamu akasonya, lakini ulikuwa msonyo wa mtu anayehesabu. Hakusema ndiyo. Katika maisha yake yote hajamwambia Tahira ndiyo, hata siku ya posa.

"Hayo ni maneno ya mawese!" Nestori akafoka. "Hapa ni parkingi. Mama Nusu, iliza moto yangu ama beba sanduku!"

Tahira akainuka kutoka kwenye sanduku. Akachukua chupa ya Nestori, ile ile ya Jumanne iliyobaki robo, na nyingine nzima aliyokuja nayo siku hiyo, akamkabidhi zote mbili kifuani.

"Mimi siilizi. Leo siilizi, kesho siilizi, na ukiniletea bunduki siilizi. Mkono unao, mafuta ni yako. Iliza mwenyewe, watu wote waone, ili jioni isisemwe Mama Nusu alikuroga."

Basi Nestori akailiza. Alimimina kama mnunuzi na muuzaji kwa pamoja, akiwa ameilaza tena kwenye bekiyi ya pembeni ili imeze zaidi, mpaka chozi likateremka kwenye injini. Watu wakapiga makofi. Akonkwa, kwa mazoea, akasogea akalifuta. Kisha Nestori akawasha, akaita abiria, na Fabiola, muuza ndagala mnene mwenye haraka zake, akapanda.

"Fabiola," Tahira akamwambia, "kunja kitenge mpaka magotini."

"Mimi nafuata ndagala Minago, sifuati vita yenu."

"Nikirudi nisikukute hapa!" Nestori akamwambia Tahira, akaondoka na abiria wake.

Tahira akakaa juu ya sanduku. Watu walimngojea abebe, wakachoka, wakarudi kwenye biashara zao. Bi Mariyamu hakuondoka. Alikaa kwenye ukingo wa kivuli cha bati, umbali wa hatua mbili, hawasemeshani, kama watu wawili wanaongoja basi moja lakini hawakutoka nyumba moja.

Akonkwa akaja na gunia lake limekunjwa kwapani.

"Mama, mimi sikuomba bati hii."

"Lakini hukuikataa."

"Wanataka ilie. Mimi ni mgeni. Mgeni akiombwa chumvi, anatia chumvi." Akalihamishia gunia kwapa la pili. "Kule Uvira nilijifunza mistari. Ninaijua."

"Unaijua na unaliza?" Tahira akamtazama kuanzia viatu mpaka kitambaa. "Basi weye ndiye mwizi hapa. Mimi angalau nilikuwa mjinga."

Akonkwa akarudi mahali pake. Lakini hakulitandika gunia.

Jua lilikuwa limefika utosini Fabiola aliporudi. Alikuwa nyuma ya pikipiki ya mtu mwingine, bila ndagala, na kitenge chake kutoka kiunoni kwenda chini kilikuwa cheusi kwa mafuta na vumbi kama sufuria. Sauti yake ilifika kabla yake.

"Yuko wapi? Bado hajafika? Ngoja afike! Moshi! Moshi mweupe kama tunachoma kilima! Halafu nasikia miguu inapata joto, natazama, naona moto inanitapikia! Mama Nusu, kwa nini hukunifunga kamba unizuie?"

"Nilikuambia kunja kitenge."

"Uliniambia kama unanisalimia! Ungenipigia kelele!"

Nestori alikuja baadaye, kwa miguu, akisukuma. Kutoka darajani mpaka parkingi ni mwinuko mdogo tu, lakini kila mtu aliyekuwa kwenye mwinuko huo alikuwa na la kusema. Suruali yake ilikuwa imeshikana na miguu. Injini ililia pande zote, na safari hii hapakuwa na aliyepiga makofi. Akafika mbele ya bati, akasimama. Alitaka kusema kitu cha kishefu, mdomo ukafunguka, kisha akaona maandishi kwenye sanduku na mwanamke aliyekaa juu yake, pale pale alipomwacha.

"Ifungue," akasema chini chini. "Toa iliyozidi."

"Sisikii. Hapa ni parkingi, kuna kelele."

"Nimesema... Mama Sabrina, toa iliyozidi."

"Jina langu limeandikwa hapa, shefu. Lisome."

Motari wote wakasogea. Shafii alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Nestori akayasoma maandishi.

"Mama Nusu," akasema. "Nisaidie."

Tahira akainuka, akafungua sanduku, akachagua ufunguo bila haraka. "Bekiyi ya katikati huna. Kwa hiyo utaishika mwenyewe, wima. Ikilala kidogo tu, tunaanza upya. Akonkwa, leta beseni, na hicho kitambaa. Leo kitafanya kazi halali."

Akonkwa akaleta. Tahira akapiga magoti, akalegeza boliti ya chini, mafuta yakatoka yakiwa na povu la rangi ya chai ya maziwa, akafunga, akangoja yatulie. Nestori alishika usukani, mikono imenyooka, jasho linamtoka kidevuni. Jua halikumhurumia, kwa sababu bati lilimfunika Tahira na sanduku lake, yeye likamwacha nje.

"Imetosha?" akauliza.

Tahira alikuwa anataka kuinamia kioo, lakini mtu alikuwa amemtangulia. Bi Mariyamu alikuwa ameshainuka kwenye ukingo wa kivuli, amekusanya kanga yake, na safari ile ndefu ya kuinama alikuwa ameshaianza. Akafika chini. Akaliweka jicho lake karibu na jicho la pikipiki, akalitazama kama anavyotazama shingo ya bidoni ya mtu asiyemwamini.

"Mama, imekaaje?" Tahira akauliza.

Bi Mariyamu hakugeuka. Alinyanyua vidole viwili, akavilaza juu ya ule mstari wa juu wa kioo, akapima nafasi iliyobaki, na mafuta bado yalikuwa yameupita mstari.

"Imezidi," akasema. "Hii ya Kabonga, inasafiri. Punguza tone."

Tahira akalegeza boliti, tone likadondoka, na jingine. Mikono ya Nestori ilichoka, na pikipiki ikataka kulalia kushoto.

"Shikilia wima, baba," Bi Mariyamu akamwambia, bado ameinama. "Usinisumbue. Natazama."